Taya la Msemaji

Akitaka chumvi, alianza na mvua. Angeuliza kama kwangu ilinyesha, ingawa kati ya boma lake na langu ni ua wa minyaa tu, na sijawahi kuona mvua inayochagua upande wa ua. Kisha angeuliza habari za kuku, habari za duka langu la ushonaji pale sokoni Masii, habari za dada yangu aliyeolewa Mwala. Kikombe cha kwanza cha chai alikisifu. Cha pili alikinywa kimya. Alipokwisha kuvaa kofia na kufika mlangoni ndipo aligeuka, kama mtu aliyekumbushwa na kizingiti, na kusema, "Sasa mama, isiwe shida, lakini pengine uko na chumvi kidogo hapo ndani." Nilimpa chumvi huku nimenuna, maana mimi hubeba nguo za watu nyumbani kuzimalizia, na yule mzee alikuwa amenilia saa nzima ya mchana.

Hatukumwita kwa jina. Masii nzima, hadi Wamunyu na huko juu Mwala, ilimjua kama Msemaji. Familia ikitaka kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao msichana kwetu hajaolewa hata akiwa na pete kidoleni na picha za kanisani ukutani, ilimtafuta yeye. Kwetu mwenye mtoto hasemi. Baba wa kijana hukaa kama mgeni, baba wa msichana hukaa kama mtu aliyeudhiwa, na kila upande huwa na mtu wake wa kuuongelea. Yeye alisema upande huu leo na upande ule kesho, na hakuna aliyeona vibaya. Watu walitaka tu kujua mapema yuko wapi, ili wale wa upande mwingine watafute wa kumweza, na mara nyingi hawakumpata.

Hakuwa na sauti kubwa. Niliwahi kusikia wasemaji wengine wanaonguruma mpaka kuku wanakimbia, lakini yeye aliongea chini, taratibu, akikata kila neno sawasawa kama mtu anayemenya mihogo, na nyumba nzima ilinyamaza ili isikose. Alikuwa na meno mazuri kuliko umri wake na alijua. Kila asubuhi nilimwona kwenye ua anasugua kwa mswaki wa mti, muda mrefu, kioo kidogo amekining'iniza kwenye tawi. Nilimwambia siku moja kwamba hata wasichana wanaoolewa hawajitazami hivyo. Akajibu, "Hao wako na sura. Mimi niko na mdomo tu."

Alikuwa na sheria zake, na alizirudia kwa yeyote aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka. Anayetaja haja yake kwanza amejishusha. Bei ya kwanza si bei. Na mkishindwana, inuka, ondoka, usigeuke nyuma, kwa sababu anayekutaka atatuma mtu akufuate.

Hiyo ya mwisho niliiona kwa macho yangu, maana ntheo yangu mwenyewe aliisema yeye, upande wa marehemu mume wangu. Walikuja kwetu wakasema wanatafuta ndama aliyepotea na nyayo zake zimeishia kwenye lango letu. Mjomba wangu akawajibu kwamba ndama tuliye naye ana mateke. Msemaji akanitazama nikipita na sinia la vikombe, uso nimeukunja kwa sababu ya hiyo habari ya mateke, akasema, "Hata huyo tutachukua. Boma letu liko na ukuta ngumu." Watu walicheka mpaka nikatamani kuwamwagia chai. Baadaye wajomba wakang'ang'ania, na yeye akainuka, akawaongoza watu wake wote mpaka barabarani, wakasimama juani wametupa mgongo. Mume wangu alikuja kunisimulia tukiwa tumeshaoana kwamba machozi yalikuwa yanamtoka pale, anajua amenikosa, na Msemaji amemshika mkono anamwambia polepole, "Usigeuke, kijana. Usigeuke." Mjomba wangu aliwafuata mbio, kiatu kimoja kimemvuka.

Kwa hiyo ndoa yangu ilitokana na ujanja wake, na sikumchukia hata nilipomchoka. Mume wangu alipofariki, watu walikuja na maneno mengi, kila mtu na aya yake. Yeye, mwenye maneno kuliko wote, alikuja akakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko bila kusema lolote, kisha akaona mlango wa zizi la mbuzi umelegea, akaenda kuurekebisha. Alikuwa akigongagonga pale mpaka waombolezaji wakatawanyika. Sijui mtu mwingine yeyote aliyenifariji kama milio ya ile nyundo yake.

Lakini mwenyewe aliishi peke yake. Mke wake aliondoka zamani, kabla mimi sijaolewa pale, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Kwa desturi, mke akirudi kwao, mume hutuma watu wakaseme na wazazi wake, kosa likatwe, mbuzi aletwe, mama arudi jikoni kwake. Sasa nani angemsemea Msemaji? Kinyozi hajinyoi. Wengine waliogopa kuonekana wanajua kusema kuliko yeye, na yeye hakumwomba mtu, maana anayetaja haja yake kwanza amejishusha. Alingoja wakwe watume. Wakwe nao walingoja. Tulikuja kusikia yule mama yuko Mombasa anauza nguo za mitumba na ana nyumba yake. Siku moja tu alinitajia jambo hilo, tukipepeta maharagwe. "Walinyamaza," alisema, "na mimi nikanyamaza. Sasa tumezeeka tukinyamaziana."

Nilipohamia pale nikiwa bibi harusi, jioni moja nilisikia sauti mbili ng'ambo ya ua, moja ikiomba, nyingine ikikataa, nikadhani amepata wageni. Nilichemsha mihogo nikawapelekea. Nilimkuta peke yake, kiti chake huku na kiti kitupu kule, anasema maneno ya upande mmoja kisha anahama na kujibu ya upande wa pili. Hakuona haya. Alisema anajiandaa kwa shughuli ya Jumamosi. Nilikuja kugundua kwamba hata majuma yasiyo na shughuli sauti zile mbili zilikuwepo, na nikazoea kulala nikizisikia, kama wengine wanavyolala na redio.

Jino lilianza bila kelele. Aliniambia tu kwamba muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, umekuwa mgumu siku hizi, eti wanawake wa Masii wamesahau kuukoboa. Nikamwambia muthokoi ni ule ule. Akaenda kwenye kliniki ya meno, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, akang'olewa gego upande wa kushoto. Akarudi akang'olewa lililolifuata. Meno mazuri yale, yaliyokuwa yanatikisika bila kuoza, yalitoka moja baada ya jingine, na shavu badala ya kupungua likazidi kujaa. Akaanza kuvaa skafu ya sufu, ameivuta mpaka kwenye sikio, katika jua la Oktoba linalokausha hata mate. Sokoni walimtania kwamba amehamia Limuru kwenye baridi. Wengine walinong'ona kwamba amekula mbuzi wa watu wengi mno na sasa mmoja amekwama.

"Unamwambia nini daktari ukifika?" nilimuuliza.

"Namwambia hii meno ya nyuma inanisumbua kidogo."

"Na huo uvimbe?"

"Si anaona? Daktari ni mtu ya macho. Nikitaja mimi, nimejishusha."

Nilitaka kumpiga na rula ya kupimia nguo. Alikuwa ameingia kliniki na skafu yake, akasalimia, akauliza habari za mvua, akataja jino, na kijana wa watu, mwenye foleni mpaka nje, akang'oa jino lililotajwa. Hakuna aliyekosea peke yake hapo. Mmoja alingoja aulizwe, mwingine alingoja aambiwe.

Kisha familia moja ya Wamunyu ilikuja kumchukua kwa ajili ya ntheo ya kijana wao, naye akawaambia ana safari. Hakuwa na safari. Nilimwona siku hiyo nzima amekaa mlangoni kwake amevaa koti la shughuli. Walimchukua kijana mmoja wa Masii mwenye kipaza sauti na vichekesho vya simu, na shughuli ikaisha mapema, na watu wakasema hata huyu si mbaya.

Juma lililofuata alikuja kwangu. Mvua, kuku, duka, dada yangu wa Mwala. Nilimwacha azunguke. Alipofika mlangoni na kofia kichwani, akageuka, akashindwa kusema. Alisimama tu pale ameshika fremu ya mlango. Nikaweka chini suruali niliyokuwa naishona nikamwambia, "Mzee, fungua hiyo skafu."

Aliifungua. Taya la kushoto lilikuwa limevimba kama limeficha embe bichi ndani, ngozi imenyooka mpaka inang'aa, na mdomo umeanza kwenda upande. Nilisema "Aiya," kisha nikanyamaza, maana niliona anausoma uso wangu jinsi alivyozoea kusoma nyuso za wakwe, na alichosoma kilimtisha.

Kumtafuta daktari wa kitu kile kulikuwa kazi, na nasema hivi nikiwa mtu aliyewahi kutafuta vifungo vya koti la padri duka kwa duka. Mji wa Machakos una mabango ya meno kila ngazi unayopanda, kila bango na kinywa kinachocheka. Tuliingia kwa mmoja anayetengeneza meno ya bandia, naye baada ya kutazama kidogo akasema, "Hii tunapasua hapa hapa, mzee, dakika kidogo tu."

"Wewe umesomea taya?" nilimuuliza.

"Mimi ni wa kinywa, mama."

"Nimeuliza taya."

Akaongeza sauti ya redio. Tukatoka. Msemaji alinilaumu ngazi zote za kushuka kwamba nimeuliza kwa ukali na mtu akiulizwa hivyo hujifunga.

Mtu wa maana tulimpata kwenye hospitali, kijana mwembamba wa idara ya meno. Alimwambia mzee avue skafu kabla hata ya salamu kuisha, akaweka vidole viwili nje ya taya na kimoja ndani, akabonyeza, akatikisa kichwa. "Hii si meno," akasema. "Hii ni mfupa. Kuna daktari wa hii kitu, na si mimi." Ningeweza kumkumbatia kwa hilo neno la mwisho. Alitueleza kwamba wapo madaktari wa meno ambao huendelea kusoma miaka mingine mingi wakawa mabingwa wa kupasua kinywa, uso na taya, kwamba si wengi, na kwamba mmoja wao huja Machakos siku ya Alhamisi kutoka Nairobi, kwenye kliniki iliyo juu ya benki. Alitutuma kwanza tupigwe ile picha inayozunguka kichwa na kuonyesha taya zima kwa mara moja.

Alhamisi ya kwanza hakuja, alikuwa na upasuaji wa dharura huko Nairobi. Tulikaa kwenye benchi mpaka walipofunga. Msemaji alijipumbaza kwa kunionyesha watu: yule na yule wamegombana asubuhi, yule mama anataka kuomba kitu kwa mkwewe na hajui aanzie wapi. Alisema kwa kunong'ona, mkono mdomoni, na maneno yake yalikuwa yameanza kushikana. Nilijifanya sikuliona hilo.

Alhamisi ya pili tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, nywele amekata fupi, ana Kiswahili cha Nairobi na macho yaliyochoka. "Habari yako, mzee," alisema. "Nini inakusumbua?"

"Habari ni nzuri, daktari. Huko Nairobi mmepata mvua?"

"Kidogo."

"Sisi kwetu imekuwa kidogo pia. Sasa tulikuwa tunapita tu hapa na huyu jirani, tukasema tuwasalimie. Kuna hii meno..."

Daktari alikuwa ameshashika kioo chake kidogo cha kutazamia meno. Ndipo mimi, ambaye kwa desturi sistahili kufungua kinywa mahali ambapo wazee wanasema, nikafungua. Nilisema yote. Nilisema uvimbe ulianza lini, meno yaliyong'olewa yalikuwa mazima, hali muthokoi tena, mto wake unalowa mate, watu wamekuja kumtafuta kwa kazi na amejificha. Nilisema hana mtu. Hilo la mwisho sikukusudia kulisema, lilinitoka. Msemaji aliniangalia kwa ghadhabu ambayo sikuwahi kuiona kwake, kisha akatazama chini, akaivua skafu mwenyewe.

Daktari alikata kinyofu kidogo kikapelekwa maabara, na tuliporudi kwa majibu akaibandika ile picha kwenye taa. Upande wa kulia wa taya ulikuwa mweupe na mzima. Upande wa kushoto ulikuwa na mapango meusi yaliyopakana. Alisema si saratani, lakini ni uvimbe unaokula mfupa polepole, na haukomi wenyewe. Akachora na kidole kutoka karibu na sikio mpaka kabla ya kidevu. "Kutoka hapa mpaka hapa nitatoa, niweke chuma. Mdomo upande huu utakuwa na ganzi. Kuongea kutabadilika, lakini ukifanya mazoezi, watu watakusikia. Ukikaa, itavuka kidevu, na hapo ulimi utakosa pa kujishika. Sitaki tufike huko."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi mezani. Akubali sasa, abaki na sauti ya kueleweka, au angoje na aipoteze. Nilidhani hata mtoto angechagua.

Msemaji aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini ya shughuli, "Daktari, tumesikia. Umetaja mfupa wako na sisi hatukatai. Lakini hata mwenye haki huachia mgeni kitu. Umesema mpaka kidevu. Sisi tunaomba tuongee robo."

Daktari alinitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

"Mzee," alisema polepole, "hapa hakuna kupunguza. Sio mimi nimepanga. Ni uvimbe umepanga."

"Nimeelewa sana," akajibu, na akainuka. "Basi tutaenda tukaongee na wenzetu."

Yule daktari hakujua. Alifikiri kuna wenzake, watoto, ndugu, watu watakaokaa chini jioni na kuamua. Akampa mkono, akamwambia asikawie. Msemaji akatoka kliniki, akashuka ngazi, akavuka barabara, na mpaka tunafika kwenye stendi hakugeuka nyuma hata mara moja. Alipokaa kwenye kiti akatabasamu na ule upande mzima wa mdomo. "Umeona? Ameanza juu. Atatuma mtu."

Nilimwambia kwamba daktari hatumi mtu. Nilimwambia siku ile, na kesho yake, na Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kulia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Alinisikiliza kwa adabu na kunieleza kwamba wanawake hatuna subira ya mazungumzo. Mchezo aliokuwa ameucheza maisha yake yote haukuwahi kumwangusha kwa mbuzi, na hakuona kwa nini mfupa uwe tofauti. Sasa naona pia kwamba aliogopa, na woga wake haukuwa na nguo nyingine ya kuvaa.

Kisha kliniki ikapiga simu kuuliza kama ameamua, ili wapange siku. Alikuja mbio kunionyesha simu. "Wameanza kututafuta," alisema, na macho yake yaling'aa kama ya kijana. Anayetafutwa hakimbilii. Akakaa. Walipopiga tena, hakupokea. Hawakupiga mara ya tatu, na yeye akangoja hiyo ya tatu mvua yote, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa. Alikonda. Akawa anakula uji na ndizi zilizopondwa. Zile sauti mbili za jioni zikawa moja, ile ya kuomba, kisha nayo ikawa haieleweki, kisha kukawa kimya. Usiku wa kwanza wa kimya kile nilikosa usingizi.

Asubuhi moja alikuja uani kwangu amevaa koti la shughuli. Hakuuliza mvua. Alisema, "Twende."

Daktari alipoona picha mpya hakumgombeza. Ningependelea agombeze. Alikaa akiitazama, akafikicha macho kwa vidole, akasema, "Imevuka." Akachora tena na kidole, na safari hii kidole kilianzia sikioni, kikapita kidevu, kikaenda upande wa pili. Akaeleza kila kitu taratibu, chuma, ulimi, mrija wa kulia chakula kwa siku za mwanzo, na maneno ambayo huenda yasirudi. Akauliza kama kuna familia ambayo angependa kuongea nayo.

Msemaji alitikisa kichwa. Kisha akasema lile neno linalofunga kila ntheo, ambalo msemaji hulisema akiwa na ukoo wote nyuma yake, wajomba na shangazi na vijana waliobeba soda. Alisema, "Tumekubali."

Nyuma yake nilikuwa mimi tu na mkoba wangu.

Alipasuliwa Nairobi. Nilikwenda nilipoweza, kupitia Athi River na vumbi lake la saruji, na watu wa kanisa walikwenda siku ambazo mimi sikuweza. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Daktari alinieleza hivyo kwenye korido, akiwa bado na ile kofia ya kitambaa, na akaongeza kwamba kama angekuja mapema. Hakumalizia. Nikamwambia, "Alikuwa anangoja utume mtu." Alinitazama muda, sijui kama alielewa, lakini alinishika bega.

Alirudi Masii akiwa hai, na hilo si jambo dogo. Uvimbe haupo. Uso wake umekuwa mfupi, kidevu kimerudi ndani, na skafu anaivaa bado. Watu wa kwanza walikuja na sukari na maua ya plastiki, wakamsemesha, akajibu, wakamwambia "Ati?", akajibu tena, wakaangaliana. Nilikuwa pale nikaona jinsi alivyokoma. Alifunga mdomo kama mtu anayefunga duka mchana, na tangu siku hiyo hakumsemesha mtu. Alitumia kichwa na mkono. Shughuli zote za huku sasa ni za yule kijana wa kipaza sauti, ambaye, niseme haki, alikuja kumwamkia na kumwomba baraka, na Msemaji akamshika kichwa bila neno.

Nimemwonea uchungu ambao sijui pa kuuweka. Kuna wapweke ambao hawakuwahi kuwa na watu, na upweke huo naujua, una mazoea yake. Wa kwake ulikuwa wa mtu ambaye nusu ya nyumba za mtaa huu zimesimama kwa maneno yake, na hakuna nyumba hata moja iliyokuwa inajua la kumwambia.

Juzi jioni nilimpelekea uji wa wimbi, mwepesi, kama anavyouweza. Nilikaa nikimngoja amalize ili nirudi na sufuria. Aliweka kijiko chini. Akanitazama, akasema kitu.

Ilikuwa sentensi ndefu, ndiyo ya kwanza tangu wale wageni. Sikuelewa hata neno moja. Nikasogeza kiti. Akairudia, polepole, anausukuma ulimi kama mtu anayesukuma mkokoteni matopeni, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Sikuelewa. Nilijua kutokana na mwisho wake, jinsi sauti ilivyopanda, kwamba ni swali. Akasema mara nyingine tena, na macho yake hayakubanduka usoni pangu.

Sikuweza kumwambia "Ati?" Nikasema, "Ndiyo, mzee. Sawa kabisa."

Alinitazama kwa muda. Mtu aliyeishi kwa kusoma nyuso hawezi kudanganywa na mshonaji nguo, na nilijua anajua. Hata hivyo aliinamisha kichwa mara moja, kama watu wanavyofanya jambo likishakatwa, akamaliza uji. Nilikwenda nyumbani nikaosha ile sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Sikujua nimekubali nini. Pengine ameniomba nimtafute mke wake Mombasa. Pengine ameuliza kama ni bora angekufa, na mimi nimemjibu ndiyo. Mawazo hayo yalinikesha.

Asubuhi nilikuwa sokoni nafungua mlango wa duka nilipomwona anakuja kando ya barabara, hatua fupi fupi, skafu shingoni, na kiti chake cha mbao amekishika mbele yake kwa mikono miwili. Alipumzika mara moja pale kwa muuza mbolea, akakibeba tena. Alipofika hakunisalimu. Alikiweka kando ya mlango wangu, ndani kidogo ya kivuli, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa, akakikalia, akatazama watu wanavyopita. Ndipo nikaelewa alichokuwa ameniuliza, na nikashukuru kwamba nilisema ndiyo.